Mtaa wetu hapa London umefuta sikukuu ya mvumbuzi, mama yangu akadhani tunafukuzwa tena

Wakuu, habari za humu ndani.

Hiki ninachoandika kimetokea nyumbani kwetu Edmonton, kaskazini mwa London. Sijaongeza chumvi. Naandika haraka haraka, kwa hiyo mnivumilie kwenye spelling.

Kwanza mjue sisi ni nani. Ni Wahindi wa Afrika Mashariki. Mama kazaliwa Unguja, akaolewa Jinja, Uganda. Nyumbani kwetu Kiswahili ni cha mama, Kigujarati kilikuwa cha marehemu baba, Kiingereza ni cha watoto wakitaka kututeta.

Lilipotoka lile tangazo la redioni kwamba Wahindi waondoke Uganda, mimi nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka baba kazima redio, halafu kaiwasha tena, kama vile watabadilisha maneno. Mama akauliza swali moja tu: "Tumepewa siku ngapi?"

Tukaja London. Tukapangiwa nyumba kwenye terrace, zile nyumba zilizoungana ukuta kwa ukuta, ndiyo hiyo mama anaishi mpaka leo. Kaka yangu yuko Stanmore, ana nyumba kubwa na garden, kambembeleza mama ahamie kwake mpaka kachoka. Mama hatoki Edmonton.

Sasa mtaa wetu una jina la kapteni mmoja wa Kizungu wa zamani. Jina naliacha. Huyu bwana inasemekana "alivumbua" maziwa na mito ya kwetu kule. (Wenyewe waliokuwa wanavua samaki humo sijui walikuwa wamefumba macho.)

Kila summer mtaa ulikuwa unafunga barabara na kufanya Explorer's Day, yaani Siku ya Mvumbuzi. Meza nje, keki, bendera ndogondogo. Mzee mmoja anavalishwa kofia ngumu ya kapteni, anapitishwa kwenye mkokoteni, watu wanashangilia.

Watoto nao wana nafasi zao. Mimi mwaka wetu wa kwanza nilibebeshwa boksi kichwani, niwe mpagazi. Nilifurahi sana wakuu, kwa sababu wapagazi walipewa ice cream kubwa kuliko wengine. Akili ya utoto hiyo.

Miaka ikaenda, watu wakabadilika. Kwanza wapagazi wakaondolewa. Halafu majirani wapya, Waghana na Wakongo, wakawa siku hiyo wanafunga mapazia. Mwaka mmoja tukaamka kibao cha mtaa kimepakwa rangi nyekundu. Kofia ikawa haina mtu wa kuivaa.

Mwaka huu residents' association, chama cha wakazi wa mtaa, wakapiga kura kuifuta. Aliyelisimamia hilo jambo ni binti yangu Zahra, mwenye maneno makali kuliko ukoo mzima. Na mimi nilimpigia kura. Lile boksi nimelifikiria sana ukubwani.

Tatizo likawa mama.

Mama anaipenda siku hiyo kuliko hata Idi, Mungu anisamehe. Hakuna mwaka aliokosa kupeleka sambusa kwenye zile meza. Nikawa naogopa kumwambia. Ana presha, umri umekwenda. Nikawa nasema leo nitamwambia, nikifika namkuta anacheka na TV, naishia kunywa chai na kurudi kwangu. Usingizi ukaanza kunisumbua.

Nikachelewa. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kiingereza mwenye roho nzuri tu, akanitangulia kumpa habari, wakiongea kwenye uzio. Kiingereza cha mama ni cha sokoni. Alichokamata ni kwamba wanaifuta, na ni kwa sababu ya watu wa kule kwenu.

Jumapili mchana nikaenda na Zahra. Tukamkuta mama kakaa kitandani, miwani puani, anashona. Picha zote kazitoa ukutani. Nikasogea karibu. Alikuwa anashonea mikufu yake ya dhahabu ndani ya pindo la gauni.

Wakuu, hivyo ndivyo alivyofanya Jinja tulipofukuzwa.

Akaniuliza bila kuinua kichwa: "Tumepewa siku ngapi?"

Nikamwambia mama, hakuna aliyetupa siku. Akasema, "Usinifiche, mie si mtoto. Sikukuu yetu wameifuta. Kule nako walianza hivihivi, kidogo kidogo."

Sikukuu yetu? Nikamuuliza sikukuu yetu vipi.

Akanitazama kama vile mimi nimerukwa na akili. "Siku ya Wasafiri. Si ndiyo waliyotuwekea sie tuliotoka mbali? Baba yako kanambia mwenyewe."

Hapo nikaelewa.

Tulipofika, mama alikataa kabisa kutoka nje. Miezi. Hakufungua hata sanduku la nguo, alisema tutafukuzwa tena kwa hiyo ya nini. Baba alikuwa karani wa kiwanda cha pamba, Kiingereza chake kilinyooka. Maana ya explorer aliijua vizuri sana. Lakini alimtafsiria mkewe kwamba kesho Waingereza wana siku ya wasafiri, watu waliotoka mbali, toka nje wakuone. Na mama akatoka.

Baba akafa na siri yake. Mama kakaa na imani hiyo mpaka kazeeka.

Nikaanza kubabaika. Nikasema pengine wameahirisha tu, kuna ukarabati wa barabara. Mama akaendelea kushona.

Zahra akanivuta mkono. "Dad, tell her the truth. Look at her, she's terrified."

Ni kweli. Uongo wa baba ulimtoa ndani ya nyumba, sasa ulikuwa unamwandaa kuondoka. Lakini nikisema, nambakizia nini? Nilikuwa naogopa presha yake, naogopa amchukie baba akiwa kaburini, naogopa kila kitu.

Nikakaa kitandani nikamweleza. Kwamba ilikuwa siku ya kapteni, yule mwenye jina la mtaa. Kwamba walikuwa wanamsifu kwa kwenda kwetu, si sisi kwa kuja kwao. Kwamba imefutwa kwa sababu watu wameona si vizuri kumsherehekea, na aliyeanzisha ni mjukuu wako huyu hapa.

Nikawa namtazama kifua kama kinapanda na kushuka.

"Kwa hiyo hawatufukuzi?"

"Hawatufukuzi, mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi waifute. Tena walichelewa. Mimi nimekaanga sambusa miaka yote kumpongeza mtu aliyepotea njia akafika kwetu?"

Zahra akacheka, mimi nikacheka, machozi yananitoka. Nikajua tumevuka.

Hatukuwa tumevuka.

Mama akalishika lile gauni, akaanza kufumua uzi. Halafu akasema taratibu, "Siku ile ya kwanza nilipofungua mlango, mtaa mzima ulikuwa unapiga makofi. Nikawapungia mkono. Walikuwa wanampigia nani?"

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na boksi langu kichwani, nyuma ya mkokoteni. Kapteni alikuwa anapita mbele ya geti letu wakati uleule mama anatoka. Mama kasimama pale kizingitini na sari yake, anapunga mkono na kucheka, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Uganda.

Nikainama kuokota vipande vya uzi.

Zahra ndiye aliyejibu. Yeye aliyekuwa ananisukuma niseme ukweli, aliyesimama kwenye mkutano na kusema mtaa huu umedanganywa vya kutosha.

"You, Bibi," akasema. "They were clapping for you."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufumua.

Nilichojifunza wakuu: kapteni aondoke, na kofia yake, na wapagazi wake, sina majuto hata kidogo. Ila nilikuwa nimeshaanza kumkasirikia baba kwa kumdanganya mkewe. Hasira hiyo sina tena.

Karibuni mseme. Wenye wazazi waliowahi kufukuzwa mahali, mngemjibu nini? Na wale wa ukweli daima, najua mpo, nanyi njooni mnipe vidonge vyangu.