Utomvu wa Minyaa Kwenye Boneti Nyeupe

Utomvu wa minyaa hauna haya. Ukishika mkono unanata, ukiingia jichoni unaunguza mpaka unatafuta mama yako alipo, na ukidondokea rangi ya gari jeupe unajificha kwanza, maana nao ni mweupe kama maziwa. Kesho yake ndipo unajitokeza, umegeuka rangi ya ugoro, umeng'ang'ania kana kwamba ulizaliwa hapo. Nyumbani kwetu Ngulyati ua wote ni wa minyaa, na mimi ndiye niliyechunga ng'ombe wa baba kabla mdogo wangu wa kiume hajazaliwa na kupata miguu ya kuwafuata. Kwa hiyo utomvu ule tulikuwa tunafahamiana. Niliegesha pembeni ya ua kwa sababu palikuwa na kivuli, na kwa sababu nilitaka kila anayepita njiani alione gari langu.

Lilikuwa gari dogo, lilishatumiwa na wengine kabla yangu, lakini jeupe na halina mkwaruzo. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja upande wa Dutwa na naishi Bariadi mjini. Miaka yote nilikuwa naenda kazini nyuma ya bodaboda. Masika nilifika na matope mpaka magotini, kiangazi nilifika na nywele za bibi kizee kwa vumbi. Nilipolinunua sikumwomba mtu ruhusa. Siku ya kulipeleka nyumbani nilianza kupiga honi tangu barabara kubwa, na mpaka leo sioni aibu kulisema hilo.

Baba alitoka akalizunguka taratibu, kama anavyozunguka ng'ombe mnadani. Aligusa gurudumu kwa ncha ya kandambili, akashika kioo cha pembeni kama anayeshika sikio la mtamba, kisha akaniambia nifungue boneti achungulie.

"Linazaa?" aliuliza.

"Halizai, baba."

"Linakamuliwa?"

"Halikamuliwi."

"Na likifa, tutagawana nyama?"

Nilicheka, maana mzee alikuwa amesema vizuri. Yeye hakucheka. Alirudi kwenye kiti chake cha kamba akaligeuzia gari mgongo, na mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, aliniambia tu nikaribie ndani nile.

Ng'ombe walirudi nikiwa bado nanawa mikono. Njia ya kuingilia zizini kwetu ni nyembamba, na fahali mmoja aliyekuwa anasumbuliwa na mwenzake aliingia kwa kishindo, akabanwa kwenye ua. Matawi yakavunjika na utomvu ukarukia boneti na mlango wa dereva. Nilikimbia kuangalia, sikuona kitu. Cheupe juu ya cheupe. Nikala, nikaaga, nikarudi mjini naimba.

Asubuhi iliyofuata nilikuta boneti ina madoadoa kama uso wa mtu aliyepona tetekuwanga, na mlangoni kuna michirizi mirefu iliyoshuka mpaka chini. Nililipeleka kwa vijana wanaoosha magari mjini. Walitumia sabuni ya unga na sifongo, wakatumia na maneno mengi, doa likabaki pale pale. Mmoja akachukua kipande cha msasa.

"Dada, tupige msasa kidogo tu, litatoka na ukaidi wake."

"Litatoka na rangi yake," nilimwambia, nikampokonya ule msasa nikaondoka nao. Nadhani bado ninao.

Nikaanza vita yangu mwenyewe. Kila nikitoka kazini niliinama juu ya boneti na tambara. Nilijaribu mafuta ya taa, nikajaribu dawa ya meno, nikajaribu majivu yaliyochekechwa, nikayaacha haraka maana yalikuwa yanakwaruza. Petroli ndiyo iliyonikomesha. Doa halikusogea, ila rangi ya pembeni yake ilififia na kuwa kama jicho lenye mtoto wa jicho. Pale zahanati mwenzangu mmoja, mama wa Kitanga aliyehamishiwa huku, aliniangalia siku moja nikihangaika wakati wa mapumziko, akasema gari ni chombo, na chombo hupata doa, nipumzike. Alisema kwa wema. Mimi nilikasirika. Doa lile lilikuwa linaongea kwa sauti ya baba, na sikuwa tayari kukaa nalo.

Halafu baba akapiga simu. Baba hapigi simu bila sababu. Simu kwake ni kama dawa, hutumika mtu akiumwa.

"Mdogo wako amepata mchumba Maswa," alisema. "Wakwe wameshataja ng'ombe wanaotaka."

"Hongera, baba. Ni habari njema."

"Zizi langu unalijua. Halitoshi."

Nilijua anakokwenda, kwa sababu kwetu njia hiyo imekanyagwa mpaka imekuwa mtaro. Binti akiolewa, ng'ombe wanaingia kwa mlango mmoja, na kaka yake akioa wanatokea mlango wa pili. Dada zangu wawili waliolewa wakaleta ng'ombe, na ng'ombe hao wakawaoza baba zangu wadogo. Mimi nimevuka thelathini sijaolewa. Waliokuja kuniposa niliwakataa, na sikumkataa hata mmoja kwa kuwa anatoka mbali au hana kitu. Niliwakataa kwa kuwa sikuwataka.

"Dada zako walileta ng'ombe," baba alisema. "Wewe umeleta moshi. Sasa sikiliza. Kuna mfanyabiashara wa pamba amelisikia hilo gari, anataka kuliona. Jumapili anakuja hapa. Lilete, na ulioshe vizuri. Ng'ombe wa mdogo wako wamo humo ndani."

Alikata simu kabla sijajibu. Nilikaa kitandani na hasira zangu. Ng'ombe wa zizi lile niliwachunga mimi. Niliwakimbiza kwenye mashamba ya watu, nikachapwa kwa ajili yao, nikawapeleka lamboni kunywa maji wakati midomo imenipasuka kwa jua. Hakuna siku mtu aliniambia kwamba siku moja nitatarajiwa kuwa mmoja wao.

Nilikwenda nyumbani Jumamosi mchana. Ningeweza kubaki mjini na kuzima simu, watu wengi wangefanya hivyo. Lakini nikikimbia leo, kesho baba atasema nilijua kuwa nina kosa. Nilitaka kukataa mbele yake, kwenye ua wake, gari likiwepo.

Baba hakuwepo, alikuwa amekwenda kunywa togwa kwa jirani. Mama alikuwa anapepeta mpunga. Nilimsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaitikia bila kuacha ungo, kisha akanyanyuka kuja kuangalia gari. Alipitisha kidole juu ya madoa, doa moja baada ya jingine.

"Minyaa," alisema.

"Minyaa, mama. Nimejaribu kila kitu."

Alitazama upande wa njia, akashusha sauti.

"Liache hivi hivi. Huyo mtu akija ataona limeharibika, ataondoka zake. Baba yako atanung'unika, yataisha. Wewe utarudi mjini na gari lako. Hakuna atakayegombana."

Nilielewa, na nikamhurumia. Mama yangu ameishi maisha yake yote kwa njia hiyo. Asipotaka jambo hasemi sitaki. Anaacha moto uzime wenyewe, anaacha mboga iungue, anasahau ujumbe njiani. Ameshinda mengi kwa kunyamaza, na hakuna hata moja ambalo mtu anajua kuwa alilishinda.

"Sitaki doa liseme kwa niaba yangu," nilimwambia. "Akiondoka kwa sababu ya doa, baba atatafuta mwingine. Nataka liwe safi, mnunuzi alitake, na mimi niseme haliuzwi."

"Mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni."

Alinitazama. Sikuweza kujua kama ananionea huruma au ananionea wivu. Kisha akaingia ndani, na aliporudi alikuwa amebeba kibuyu cha samli.

Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilipokuwa nachunga, utomvu ukinirukia mkononi au shingoni, mama hakuniosha kwa maji. Maji huukaza. Alinipaka samli, akaniambia nitulie, na baadaye akanifuta kwa kipande cha kanga, utomvu ukatoka wote. Nimesoma uuguzi, nimepaka watu dawa za kila aina, na wakati wote nahangaika na petroli sikukumbuka mikono ya mama yangu.

Sasa, mama akisema anapaka, anapaka. Mimi nilidhani tutagusa madoa tu. Yeye alianza na boneti, akaenda kwenye milango, akapanda na paa, kama anayempaka bibi harusi asubuhi ya ndoa.

"Mama, doa liko huku tu."

"Na kule kusije kukaona wivu," alisema, akaendelea.

Alipomaliza, upepo wa jioni ukaamka. Wanaojua Ngulyati wakati wa kiangazi wanajua upepo huo unabeba nini. Vumbi lote la njiani lilikuja likaketi juu ya samli. Gari jeupe likawa jekundu kama kichuguu. Ndama mmoja alikata kamba akaja kulamba mlango kwa utulivu mkubwa, na kuku wakasimama kwenye paa wakidonoa sijui nini. Baba alirudi kutoka kwenye togwa, akasimama, akatazama gari, akamtazama mama aliyekuwa na samli mpaka viwikoni.

"Mmelipika?" aliuliza.

"Tunalisafisha," mama alijibu. "Si ulisema lioshwe?"

Baba akaingia ndani akitikisa kichwa, na nadhani alilala vizuri.

Asubuhi na mapema mama na mimi tulichemsha maji, tukachukua sabuni ya mche na vipande laini vya kanga kuukuu. Yeye alishika upande mmoja, mimi upande mwingine. Vumbi likashuka na samli, na utomvu ukalegea. Ulitoka kama utando juu ya uji uliopoa, unakunjika chini ya kidole na kuachia. Pale nilipoharibu kwa petroli palibaki pamefifia kidogo, lakini ilibidi uambiwe ndipo upaone. Sikuwahi kuliona gari lile likiwa zuri kiasi kile, hata siku niliyolinunua. Nilijisikia mwenye nguvu.

Mfanyabiashara wa pamba alifika kwa pikipiki, amevaa shati la kanisani. Alilizunguka. Alipapasa boneti kwa kiganja kizima, akasema wanawake wanajua kutunza vitu. Baba alikaa wima kwenye kiti chake cha kamba, na mdogo wangu, ambaye ndiye alikuwa anatafutiwa mke, alisimama nyuma yake akitazama miguu yake mwenyewe.

"Nimelipenda," mgeni alisema. "Kadi iko wapi?"

Baba alinigeukia. Nikamjibu mgeni mwenyewe.

"Kadi ninayo mimi. Gari haliuzwi."

Mgeni akadhani nataka kupandisha bei, akatabasamu. Nikamwambia tena kwa heshima kwamba haliuzwi kwa bei yoyote, asamehe usumbufu, chai iko tayari. Hakunywa chai. Pikipiki yake ilipotoka nje ya ua, baba alisimama.

"Umenivua nguo mbele ya mtu," alisema.

"Baba, hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia kwenye simu."

"Na mdogo wako je? Akae na wewe mjini akupikie?"

"Mdogo wangu nitamchangia kama dada anavyomchangia ndugu yake. Kila mwezi, mpaka aoe. Lakini sitahesabiwa pamoja na ng'ombe, baba. Niliwachunga. Siingii zizini."

Baba alinitazama kama hanijui. Mdogo wangu aliinua kichwa akasema, polepole, kwamba yeye atalima pamba misimu miwili na mchumba wake alishakubali kusubiri. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye pia. Baba akachukua fimbo yake akaenda kuangalia ng'ombe, ingawa ng'ombe walikuwa bado hawajatoka popote.

Mama alikwenda kunawa. Alirudi amejifunga kanga safi, kitabu cha nyimbo mkononi, akafungua mlango wa mbele wa gari na kukaa bila kuniuliza. "Twende, ng'wana wane, twende mwanangu," alisema. "Misa imeshaanza." Tulipita katikati ya watu waliokuwa wakienda kwa miguu na kwa baiskeli, na yeye alitazama mbele tu, mkono umetoka dirishani, unanukia samli.

Mdogo wangu alioa, na alioa kwa ng'ombe aliowanunua mwenyewe. Baba hajapanda gari langu mpaka leo. Nikienda Ngulyati naegesha palepale, pembeni ya minyaa, kwenye kivuli. Jioni ikifika ananiita kutoka kwenye kiti chake, anasema nilisogeze, ng'ombe wanarudi.

"Waache wapite, baba," namjibu. "Samli tunayo."