Ukumbi wa Futi Tatu

Mbaruku alikuwa ameifanya kazi ya uashi Kariakoo kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpiga mtu. Asubuhi moja ya mwaka 1956, akiwa amechutama kwenye kiwanja cha Bi Waridi, mtaa wa Mchikichi, kamba mkononi, alitamani sana kumpiga mchora ramani.

Alikuwa amepima mara tatu. Kiwanja kilikuwa na upana wa futi thelathini, bikoni ya mpaka hadi bikoni. Ramani ilionyesha vyumba vya futi kumi na mbili kushoto, kumi na mbili kulia, na ukumbi wa futi sita katikati. Jumla thelathini barabara. Na kuta je? Kuta nne, kila moja inchi tisa pamoja na lipu, zisimame wapi, hewani? Futi tatu nzima zilikuwa zimesahauliwa, na juu ya upuuzi huo pakapigwa mhuri.

Mbaruku hakusoma sana, lakini hesabu ya futi na inchi hakuna aliyemshinda. Hakuwa mtu wa kutaka makubwa kwenye ramani. Hakutaka rangi, wala kile kimti kizuri kilichochorwa mbele ya baraza kana kwamba fundi ndiye atakayekipanda. Alitaka vipimo vinavyojumlika, unene wa ukuta uandikwe, na mchoraji awe amekanyaga kiwanja walau siku moja, basi. Maana nyumba ikienda kombo anayetukanwa mtaani ni fundi, na mchoraji yuko kwake anakunywa chai.

Akaondoka na karatasi yake mpaka Mchafukoge, kwa Narendra aliyeichora. Narendra alikuwa kijana mpole wa shati jeupe, ofisi yake chini ya ghorofa alimoishi na mama yake. Alisikiliza bila kuinuka kitini.

"Punguza ukumbi, fundi," alisema. "Ubaki futi tatu. Mtu anapita."

"Chora upya, bwana. Toa kwenye vyumba."

"Nikichora upya lazima irudi kwa wakubwa kugongwa mhuri. Huo ni usumbufu mkubwa kwa jambo dogo."

Na Mbaruku hakuwa na ruhusa ya kugusa vyumba mwenyewe. Mkaguzi akikuta ukuta haufuati ramani, ukuta unabomolewa. Alirudi amevimba kwa hasira, akamweleza Bi Waridi, bibi mjane aliyekwisha kubomoa kibanda chake cha udongo na sasa alikuwa amejibanza kwa dada yake.

"Vyumba vipunguze utakavyo, mwanangu," Bi Waridi alisema. "Ukumbi, la. Jeneza hubebwa na watu wawili wawili, bega kwa bega. Futi tatu watapita vipi? Siku yangu ikifika sitaki kulazwa ubavu na kupinduliwa kama kabati."

Jambo dogo! Mbaruku hakulala vizuri. Kesho yake aliwachukua mafundi watatu na fremu nyembamba ya mlango wa uani, wakaiweka mabegani, wawili mbele wawili nyuma, wakaenda nayo Mchafukoge. Ofisini kwa Narendra hakuomba ruhusa. Alivuta makabati mawili ya makaratasi, akapima kati yake futi tatu kamili.

"Ukumbi wako huo," alisema. "Tazama tunavyopita."

Hawakupita. Wawili wa mbele walikwama mabega. Mmoja alipogeuka ubavu fremu ililala upande, ikateleza, ikaanguka kwa kishindo.

"Aliyeanguka ni Bi Waridi," Mbaruku alisema. "Na wanawe wako nyuma wanatazama."

Narendra akaanza habari za mhuri. Karibu na mlango, mama yake, Jasvanti, alikuwa akichambua mchele. Aliweka sinia chini, akamwuliza mwanawe kitu kwa Kigujarati. Narendra akaendelea na mhuri wake. Mama akauliza tena, safari hii kwa Kiswahili, ili mafundi nao wasikie.

"Baba yako tulimshushaje kutoka juu?"

Akajijibu mwenyewe.

"Kona ya ngazi ilikuwa nyembamba. Walimsimamisha, wakamfunga shuka kifuani asianguke. Nikamwona mume wangu anashuka wima, naye maiti. Mwaka wa nne huu, kila nikipita pale namwona anashuka."

Narendra akavuta karatasi safi, akashika penseli.

"Ukuta una inchi ngapi, fundi?"

"Tisa. Pamoja na lipu."

Akaandika. Lakini hasira ya Mbaruku haikushuka hata kidogo. Swali lenyewe lilikuwa la dakika moja, na halikuulizwa mpaka mama wa watu alipolazimika kufukua msiba wake mbele ya wageni.