Hotuba Mbili za Ijumaa Moja

Kwa miaka mingi nimekuwa mdomo wa watu wengine. Kazi yenyewe haina mshahara wala cheo. Msikitini kwetu, katika mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Oyugis kuteremkia Homa Bay, sala ya Ijumaa ikiisha, wale wanaokijua Kiswahili vizuri huvaa viatu vyao na kurudi madukani. Wanaobaki ni wakulima waliosilimu, wazee wachache wa kutoka ufuoni, na akina mama nyuma ya pazia. Kiswahili chao ni cha kununulia chumvi na sabuni, na Kiswahili cha mimbari, kilichojaa Kiarabu, huwapita juu ya vichwa. Basi mimi husimama kando ya nguzo ya pili nikawaeleza kwa Dholuo alichosema sheikh. Dakika kumi, kumi na tano, kisha nao huenda zao.

Baba yangu alikuja huku na biashara ya nguo kutoka pwani, mama yangu ni Mjaluo wa hapa hapa, nami nauza spea za pikipiki. Lugha zote mbili nilizinyonya. Kazi hii ya kutafsiri nilirithishwa na mwalimu wetu mzee, Mjaluo aliyesilimu ujanani na kutusomesha sisi sote alifu na bee. Yeye ndiye aliyetoa sehemu ya boma lake msikiti ujengwe. Alikuwa na madaftari ambayo sijaona mfano wake kwingine: Dholuo kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, dua na mawaidha na kisa chote cha maulidi, mstari kwa mstari, kwa wino wa buluu. Nadhani watu wawili tu duniani waliweza kuyasoma vizuri, yeye na mimi.

Alipofariki alizikwa bomani kwake, kama desturi ilivyo, hatua chache tu kutoka ukuta wa msikiti. Watoto wake walizungushia kaburi matofali, wakapaka chokaa, wakaweka nguzo nne na mabati. Wanawake walikuwa wakija pale kuomba dua, Waislamu kwa Wakristo, mwenye mtoto mgonjwa, mwenye mume aliyekawia ziwani. Mjane wake alifagia pale kila Alhamisi. Mimi humwita Dani, yaani bibi, ingawa si bibi yangu wa damu, naye huniita wuoda, mwanangu. Mtu asiyekuwa wa huku asidhani lile lilikuwa kaburi tu. Kwa Mjaluo, kaburi la mume ndiyo hati ya boma. Mwanamke akikuonyesha alipolala mzee wake, amekuonyesha kwa nini yeye ana haki ya kuishi hapo.

Mwaka jana kamati ya msikiti ilituletea mhubiri mpya, kijana aliyesoma mbali. Sitasema alikuwa mtu mbaya, ingawa ingenipunguzia mzigo. Alitengeneza tangi la maji la udhu lililokuwa likivuja tangu enzi. Alikwenda kuwaona wagonjwa hospitalini bila kutumwa. Alikuwa na sauti nzuri na haya usoni. Ila akipanda mimbari, mtu yule mpole alibaki chini, akapanda mwingine.

Ijumaa ya kwanza alisema kwamba Mwislamu anayekula chakula cha matanga kwa makafiri anakula moto. Wenye maduka walitazamana. Huku kwetu kila mtu ana mjomba wa kanisa, na msiba ukitokea wote tunakaa chini ya turubai moja. Sala ikaisha, wakatoka, nikabaki na watu wangu wakinisubiri. Nikawatazama wale wazee, nikafikiria safari waliyotembea juani. Nikasema kwa Dholuo, "Sheikh anasema tukienda matangani tusile kupita kiasi, wenyewe wana huzuni." Wakacheka. Mzee mmoja akasema hilo limemlenga shemeji yake, na wote wakakubali.

Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo nilivyojiambia. Nilidhani ni joto la ugeni, atatulia.

Hakutulia. Ijumaa ya pili alisema tusiwaanze salamu wasio wa dini yetu. Nikatafsiri kwamba salamu ni sunna na tusibague mtu. Ijumaa ya tatu ilikuwa zamu ya maulidi na matari, akasema ni takataka za wajinga waliotutangulia. Hapo hata hasira ilinipanda, kwa sababu wajinga hao ni baba yangu na mwalimu wangu. Lakini hasira yangu ni ya uvivu, hukaa tumboni ikalala. Nilichofanya ni kuwaambia watu maneno ambayo mwalimu mzee mwenyewe angeyasema siku kama ile. Niliyajua kwa moyo. Nilisema jinsi alivyokuwa akisema yeye, hata kwa mpangilio wake, kwamba dini ililetwa kwetu kwa watu na watu wana haki ya kukumbukwa.

Nilipotoka, Dani alikuwa akinisubiri mlangoni, kashika fimbo yake. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Wuoda, huyu kijana ana maneno ya mume wangu," aliniambia kwa Dholuo. "Mungu ameturudishia."

Ningemwambia pale pale. Hakukuwa na mtu karibu, na nilikuwa na nafasi. Badala yake nilisema, "Ndiyo, Dani," nikaenda kufungua duka.

Tangu siku hiyo akawa anampikia. Kila Ijumaa, samaki wa ngege, mzima mkavu, aliyepikwa kwa maziwa, na ugali wa mtama uliofunikwa kwa kitambaa safi. Mhubiri alikula, akamshukuru kwa mkono kifuani, wakaagana kwa tabasamu maana hawakuwa na lugha ya kuongea. Nilipita nikawaona, nikajiambia kwamba pengine hivi ndivyo amani inavyoanza. Ukichoka sana unaweza kuamini chochote.

Ijumaa ya nne ilikuwa ya makaburi. Alisema kuyajengea ni mlango wa shirki, kwamba yaliyoinuliwa yasawazishwe na ardhi, na kwamba mwenye imani ya kweli huanza nyumbani kwake. Sina elimu ya kumjibu. Huenda hata ana hoja, wapo wanazuoni wakubwa wanaosema kama yeye na wapo wakubwa wanaompinga. Nilijua tu kwamba nyumbani maana yake ni pale, nyuma ya ukuta, na kwamba Dani ameketi nyuma ya pazia akingoja sauti yangu. Nikawaambia, "Sheikh anasema tuwakumbuke waliotutangulia, tutunze walichotuachia, na tuanze hapa nyumbani."

Wale waliosikia Kiswahili waliondoka wakidhani nitamwambia mama wa watu. Nani mwingine angemwambia? Ndiyo kazi yangu. Nami niliondoka nikidhani ni maneno ya mimbari tu, na kwamba nitamwona mhubiri faraghani, tuongee kiume, wiki ijayo.

Jumanne ni siku ya soko. Alfajiri nilikwenda Isebania kuchukua cheni na tyubu, nikarudi alasiri. Pale stendi mwendesha boda mmoja ninayemuuzia plagi akanifuata hata kabla sijashusha mizigo.

"Mzee, umesikia? Wamebomoa ile kaburi ya mwalimu. Asubuhi, watu wakiwa soko. Na mjane wake amekaa tu hapo, haongei na mtu."

Niliacha mizigo barabarani.

Mabati yalikuwa yameegemezwa ukutani kwa utaratibu, na nguzo zimepangwa kando. Matofali yalikuwa rundo moja. Mahali penyewe palikuwa pamesawazishwa kwa jembe, udongo mwekundu mbichi, hata huwezi kujua kichwa kilikuwa upande gani. Dani alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni kwake. Mbele yake kulikuwa na meza ndogo, thamosi kubwa ya chai, vikombe vitano na mandazi yaliyofunikwa. Hakuna kikombe kilichokuwa kimetumika.

Nilielezwa na jirani yake, mama wa kanisa, aliyekuwa amekaa kando yake. Vijana wanne walikuja asubuhi na mhubiri, na sururu na makoleo. Dani aliwapokea kwa furaha. Alidhani wamekuja kukarabati, maana chokaa ilikuwa imeanza kubanduka na sheikh alikuwa amesema watu watunze. Aliwatekea maji. Akaingia jikoni kuwapikia chai, akisikia nyundo nje, akifurahi. Alipotoka na vikombe, ukuta wa upande wa magharibi ulikuwa chini. Alidhani wanaubomoa ili wajenge mpya. Akaketi kungoja. Alingoja mpaka walipofuta vumbi mikononi, wakamsalimia kwa heshima na kuondoka.

Nilimfuata mhubiri msikitini. Sijawahi kupandishiana sauti na mtu ndani ya msikiti, lakini siku hiyo nilipayuka. Nilimuuliza kama ana mama. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na huo mshangao ndio uliobaki nami.

"Lakini yeye aliridhia," alisema. "Nimesema waziwazi, Ijumaa nne. Hajakosa hata moja, na kila nikisema anazidi kunikirimu. Wiki iliyopita ameniletea mwenyewe sanduku la vitabu vya bid'a vya marehemu. Nilikushukuru moyoni, ndugu yangu. Nilijua ni tafsiri yako iliyomfungua."

Nikamuuliza sanduku liko wapi.

Alisema aliyachoma yale madaftari, kwa adabu, majivu akayafukia mahali pasipokanyagwa, kwa kuwa yalikuwa na majina ya Mungu ndani yake. Aliniambia hivyo ili kunituliza.

Nilikaa chini palepale kwenye mkeka. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa na kona nyingi, na kila kona nilidhani nimefika salama. Kamati nilipoiendea iliniambia tusiugawanye umma. Chifu alitaka kupeleka jambo mbele, lakini angehitaji shahidi wa kusema kwamba mjane hakukubali, na kila shahidi aliyeulizwa alisema, "Yule wa spea ndiye alimtafsiria." Majirani wa kanisa ndio waliofanya la maana. Walikuja na viti na sufuria, wakakaa pale siku mbili wakimlilia mwalimu kama aliyekufa upya, na mimi nilikula chakula chao, na kilikuwa na ladha ya chakula.

Siku ya pili jioni, watu walipopungua, Dani aliniita.

"Niambie alichosema," alisema. "Ijumaa zote. Usiache kitu."

Nikamwambia. Matanga, salamu, maulidi, makaburi. Nilitafsiri neno kwa neno kama inavyotakiwa, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba kazi hii naiweza. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Na yale maneno ya mume wangu, yalikuwa yako?"

"Yalikuwa yake, Dani. Niliyakumbuka."

"Kwa hivyo mimi nilimpa madaftari yake yule mtu kwa sababu yako."

Nilimwambia nilikuwa naogopa vita, nilitaka watu wakae vizuri, sikutaka kumuumiza. Yote ni kweli na yote niliyasema kwa Dholuo safi. Akasema nimsaidie kuingiza meza ndani, umande umeanza kushuka.

Nilidhani hatakanyaga tena msikitini. Ijumaa iliyofuata alikuja, akaketi palepale nyuma ya pazia, niliiona fimbo yake kwa chini. Alimwambia baadaye jirani yake kwamba msikiti ni boma la mume wake, yeye hahamishwi na mgeni. Mhubiri naye bado yuko. Amepunguza makali, sijui kama ni aibu au ni kamati. Mimi nimeomba mara mbili nipumzishwe, wamenijibu hakuna mwingine.

Mwezi uliopita alihubiri juu ya mayatima na wajane. Ilikuwa hotuba nzuri, niseme haki. Alisema mwenye kumtunza mjane ana daraja ya mwenye kufunga mchana na kukesha usiku akisali. Nadhani alijua anamsemea nani. Wenye maduka wakatoka. Nikasimama kando ya nguzo, nikayatoa yote kama yalivyo, bila kuongeza chumvi wala kupunguza, nikiwa na furaha ndogo, kwa kuwa siku hiyo sikuwa na la kuficha.

Nilimaliza. Kisha sauti ya Dani ikatoka nyuma ya pazia, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo, Dani. Neno kwa neno."

"Nitajuaje, wuoda?"

Wazee wakageuka kunitazama, wote, wakingoja nitafsiri na hilo, ingawa alilisema kwa Dholuo.