Mtungi Uliofukizwa Ubani

Juzi, stendi ya Ubungo, nilimwona msafiri akikagua kizibo cha chupa ya maji kabla hajanywa. Nikamkumbuka mjomba, kaka yake mama, alipokuja kwetu Temeke kutoka Ngazija akiwa mgonjwa wa tumbo, nami ningali mtoto.

"Dada, mie maji yangu yachemshwe," alisema hata kabla hajakaa. "Daktari wa Kiingereza melini kanionya. Tumbo hili likichafuka tena, siponi."

Mama aliyachemsha. Alipoyaonja akakunja uso, maana yalinuka kuni, na kwetu mgeni hapewi maji yanayonuka kuni. Akaufunika mtungi juu ya chetezo mpaka moshi wa ubani ukajaa ndani, kisha akamimina yale ya moto na kuyapooza kwa maji ya kisima cha bondeni, kile chenye vyura.

Sikuona ubaya. Kwetu ubani ulifukuza mbu, husuda na mashetani, nami nilidhani hata hicho alichokiogopa mjomba kisingethubutu kubaki mle.

Mjomba alinusa kikombe, uso ukamlainika. "Haya ndiyo maji ya nyumbani," akasema. Akanywa yote, akaomba tena.

Siku chache baadaye, mchana, harufu ile ile ilitoka chumbani kwake. Wanaume waliingia kimya na ndoo za maji na kitambaa kipya cheupe, mlango ukafungwa. Nikajua anatengenezewa mengine, nikaenda kumtafutia kikombe chake.