Sahani ya Bi Batuli

Naziha, mama yao Ghizlani na Anwari, aliondoka Meknes mwezi wa Shaabani na begi moja na mume mpya, akawaambia anakwenda Tanja kutengeneza meno. Ramadhani ikaingia, meno bado. Labda alikuwa anayaotesha. Baba yao alishatangulia Uhispania zamani, akatuma talaka kwa simu, kisha akashikwa na ugonjwa wa kusahau namba.

Wakabaki wawili: Ghizlani, miaka kumi na saba, mdomo wembe, na mdogo wake Anwari, miaka kumi na minne, tumbo lisilo na breki. Njaa haikuwatisha sana. Kilichowatisha ni Mjomba Idrisi wa Wajda. Akijua tu dada yake hayupo, Ghizlani atachukuliwa akamlelee vichanga vyake, na Anwari atapelekwa Nadori, kwenye karakana ya baba yake mdogo. Alishawahi kulisema hilo, tena huku anatafuna. Kwa hiyo mtaa usijue.

Lakini Ramadhani mtaa wetu unapelelezana kwa sahani. Jirani akikuletea futari, sahani yake hairudi tupu, hata kama unazikwa kesho. Ukiirudisha tupu mara moja, wewe bahili. Mara ya pili, watakuja kuangalia nani yuko jikoni.

Na Ghizlani kupika hajui. Huchemsha yai, nalo hupasuka.

"Tumekwisha," Anwari alisema, macho kwenye sahani za majirani.

"Umekwisha wewe. Mimi nina akili."

Supu ya Bi Itto ikaenda kwa Bi Batuli, sambusa za lozi za Bi Batuli zikaenda kwa Bi Itto, na kila chakula kilikatwa kodi kabla hakijavuka kizingiti. Majirani wakaanza kusifu: "Naziha siku hizi mkono umekolea!" Naziha huyo akiwepo alikuwa anaunguza hata maji.

Kisha siku moja Anwari, njaa imempanda kichwani dakika chache kabla ya adhana, akachanganya sahani. Bi Batuli akarudishiwa sambusa zake mwenyewe.

Alifika mlangoni hata tende hajameza.

"Ghizlani! Toka nje, jini wewe! Sambusa zangu zimetoka nyingi, zimerudi chache. Zimepigana na nani njiani?"

"Umejuaje ni zako, Bi?"

"Nani mwingine hapa anamwaga marashi kwenye lozi kama anaosha maiti? Mama yako yuko wapi?"

"Hammamu."

"Tangu Shaabani? Ana uchafu gani huyo?"

Anwari ndiye aliyesema, "Watatutenganisha, Bi. Usimwambie mtu."

Bi Batuli akachungulia jikoni. Akaona yai moja. "Nimekuja na hasira zangu zote," akanung'unika, "nagombana na yai."

Hakumwambia mtu. Aliwaambia wanawake wote wa uchochoro.

Kwa hiyo Mjomba Idrisi alipotokea siku chache kabla ya Idi, alimkuta Bi Batuli kwenye kochi, miguu juu, kama kaolewa humo.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Hammamu."

"Nimemwacha huko sasa hivi!" Bi Itto akapaza sauti dirishani kwake. "Anasuguliwa mgongo!"

Akangoja. Futari ikaingia, sahani juu ya sahani, kila nyumba na yake. Akala, akafungua mkanda, akatazama saa.

"Huyu anaoga nini mpaka sasa?"

"Mwanamke aliyeachwa ana mengi ya kujisugua, baba. Ongeza supu."

Basi la mwisho la Wajda halimngoji mtu. "Mwambieni ajikaushe," akasema, akaondoka. Ghizlani na Anwari wakabaki mlangoni wameshikana mikono kama watoto wadogo, mpaka Anwari akastuka akauchomoa wake.

Kesho yake sahani ya Bi Batuli ilirudi na kitu ambacho Ghizlani alikipika mwenyewe: yai la kuchemsha, limepasuka, limenyunyiziwa chumvi na bizari nyembamba.

Bi Batuli alilila lote, akajifuta midomo. "Hili ni tusi," akasema. "Kesho alasiri uje jikoni kwangu. Na huyo mla kodi mje naye, ana vitunguu vya kumenya."