Jina Alilolitaja Mama

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alikuwa mwoka mikate mjini Morogoro, na kwa sababu hiyo nyumba yetu ya Mji Mpya haikujua foleni. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, ile ya uhaba, watu wanaacha mawe na vikapu mbele ya duka la ushirika kushika nafasi, na mara nyingi wanarudi navyo vitupu. Baba alifanya kazi zamu ya usiku. Asubuhi aliingia unga umemganda kwenye nyusi, mkate kwapani, bado una joto. Mama aliukata, baba akaketi kututazama tunavyokula, na sijawahi kumwona mtu mwenye fahari kama yeye wakati ule.

Mdogo wangu Deo alizaliwa mnene, mtoto wa kucheka ovyo. Alipoota meno, baba ndiye aliyemwanzishia mkate, akiuchovya kwenye chai na kumlisha kwa kidole. Deo akaupenda. Mimi nilikuwa nimeanza shule, kwa hiyo nakumbuka vizuri alivyokuwa kabla, na nakumbuka pia alivyogeuka. Tumbo lilivimba likawa kama la mtu mzima aliyeshiba, huku miguu ikipukutika na makalio yakibaki ngozi iliyokunjamana. Alikuwa akiharisha choo cheupecheupe, kingi, chenye harufu iliyowafanya majirani wageuze uso. Kicheko kiliisha. Alilia ukimshika, akalia ukimwacha.

Kliniki wakampima kwenye mizani ya kuning'inia, wakasema mtoto hapati chakula cha kutosha, aongezewe. Na sisi chakula bora tulichokuwa nacho ni kipi? Mama akamwongezea mkate. Aliacha hata kula wa kwake ili Deo apate.

Ndipo akaja shangazi Sesilia, dada mkubwa wa baba, kutoka Ngerengere. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alikuwa anamtazama Deo mapajani kwa mama. Akamfunua nguo, akamfunika tena.

"Huyu amebemendwa," alisema.

Neno hilo kwetu hakuna aliyehitaji kufafanuliwa, hata mtoto wa umri wangu. Mama anayenyonyesha akitoka nje na mwanamume mwingine, uchafu wa kule humwingia mtoto, naye hunyauka hivihivi, tumbo mbele na mbavu nje. Ukimwona mtoto wa namna hiyo, umemwona mama yake alikopita.

"Wifi, nani nilale naye?" mama aliuliza. "Silali na Mage hapa kila siku?"

Mage ni mimi. Nilikuwa nimekaa mlangoni.

"Mume wako yuko kazini usiku kucha," shangazi akasema. "Mage akilala anajua nini?"

"Najua," nikasema. "Mama huwa ananishika mkono mpaka nipate usingizi. Na nikiamka kukojoa yupo."

"Toka hapa! Watoto hawaingii mazungumzo ya wakubwa."

Nilitoka, lakini sikwenda mbali. Nilitaka kumsikia baba akisema kitu. Alikuwa ameegemea ukuta na nguo zake za kazini. Nilikuwa na hakika atacheka, au atamfukuza shangazi, maana mama alikuwa mkewe wa kanisani na mimi nilikuwa nimekwisha kusema ukweli. Alipangusa unga kwenye nyusi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, bila kumtazama mama:

"Ni nani?"

Mpaka leo, nikimfikiria baba, swali hilo ndilo linalotangulia.

Wiki ileile tulipanda lori la mboga kwenda Mgeta, kwao mama, mimi na mama na Deo mgongoni. Baba hakutusindikiza. Lilipoishia lori tulipanda mlima kwa miguu, kupitia matuta ya kabichi na njegere, ukungu umeshuka hadi kwenye njia. Mama alitembea haraka. Nilielewa kwamba alikuwa anakimbilia kwa mtu ambaye angemwamini.

Bibi alitupokea vizuri. Alikuwa mwanamke mfupi, mcha Mungu, asiyekosa misa, na pia ndiye aliyeitwa watoto wa jirani walipougua, kwa sababu alijua majani. Alimchukua Deo, akamkagua kama shangazi alivyomkagua. Sura yake ikabadilika.

"Theresia," alimwita mama kwa jina lake, "dawa ninayo. Lakini haishiki mpaka utaje. Utaje mtu, mtoto aoshwe, apone."

"Mama, hakuna mtu."

"Basi hakuna dawa."

Siku zilipita hivyo. Mama akikataa, bibi akingoja, Deo akilala kwenye mkeka na macho yaliyozama. Tulimlisha tulichokula wote: uji wa mahindi, ndizi za kupika, magimbi yaliyopondwa. Mkate ulikuwa kitu cha mjini. Kule juu hakuna aliyeufikiria. Bila shaka mwili wake ulikuwa umeanza kupumzika, lakini kwa macho alikuwa bado mtoto anayekufa. Wanawake wa ukoo walianza kuja. Walikaa na bibi jikoni wakaongea chini chini, na mama akipita walinyamaza.

Mchana mmoja Deo alishindwa kunyanyua kichwa anyonye. Nilikuwa barazani namenya njegere. Nilimsikia bibi ndani, anasema polepole, karibu kwa kubembeleza: "Mwanangu, unamzika mtoto wako kwa ajili ya kumficha mwanamume?"

Mama akasema:

"Ni Salumu. Dereva wa lori. Alihamia Kisaki."

Nilisimama, njegere zikamwagika. Hapakuwa na Salumu yeyote. Sijapata kumwona mtu huyo, wala kumsikia, na ningemsikia, kwa kuwa chumba chetu cha Mji Mpya kilikuwa kimoja. Nilikimbilia ndani niseme hivyo. Mama alinitazama tu, akatikisa kichwa mara moja, nami nikanyamaza.

Walimwosha Deo kwa majani jioni hiyo, mbele ya wanawake wale. Naye akapona. Kwanza aliacha kuharisha. Halafu akaanza kuomba chakula, tumbo likapungua, na kabla njegere za shamba lile hazijaisha kuvunwa alikuwa anatembea akishika kuta na kucheka. Wanawake walipiga vigelegele. Kila siku mtoto alivyonenepa, mama alizidi kuwa mwongo na malaya, na hakukuwa na namna ya kufurahia kimoja bila kukikubali kingine.

Baba alipelekewa habari. Alikuja Jumapili, amevaa shati la kanisani. Alimnyanyua Deo juu, machozi yakamtoka, kisha akamweka chini na kumwambia mama mbele ya bibi: "Kumbe kweli." Hakumpiga, hakutukana. Alisema atatuma matumizi ya watoto, na kwamba yeye na mama basi. Kabla hajaondoka alifungua mfuko wake, akatoa mkate mkubwa, na akamlisha mwanawe mwenyewe.

Kabla wiki haijaisha Deo alikuwa anaharisha tena. Bibi alimwangalia mama kwa namna ambayo sitaisahau.

"Theresia. Hukuwataja wote."

Nadhani hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya mama, na hapo hapo ndipo akili yake ilipofunguka. Alikwenda kwenye kikapu, akatoa kipande cha mkate kilichobaki, akakaa nacho kizingitini akikigeuzageuza. Kisha akawatupia kuku.

Hakurudi kueleza kwamba ni mkate. Alikwisha kujifunza maelezo yake yana thamani gani mle ndani. Asubuhi yake aliwaambia watu kwamba ameota. Babu yake aliyekufa zamani amemjia akasema ngano ni mwiko kwa mtoto huyu, asionje mkate, wala andazi, wala chapati, maisha yake yote. Hapo kila mtu aliitikia. Bibi mwenyewe ndiye aliyepita kwa majirani kuwaonya. Mama alipoapa kwamba hana mwanamume hakuna aliyemsikia, na alipotunga ndoto kijiji kizima kilimtii.

Tulimlea Deo hivyo. Kwenye harusi na ubatizo mama alibeba viazi vya kuchemsha kwenye mfuko wa kitenge, akamlisha kabla sinia hazijapita ili asitamani. Alimfundisha kusema "kwetu ni mwiko" kabla hajajua kusema mengine mengi. Mimi shuleni nilikuwa mlinzi wake. Walimu wageni walimlazimisha andazi la sikukuu mara moja, akaugua, hawakurudia. Alikuwa mfupi kuliko wenzake kwa miaka, halafu akawafikia.

Ukweli wenye jina la hospitali ulikuja baadaye sana. Deo ni mtu mzima, anaishi Dar es Salaam, na bintiye wa mwisho alipoanzishwa uji wa lishe uliochanganywa ngano akaanza kuvimba tumbo na kunyauka. Nilipomwona niliwaambia wampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Daktari aliuliza kuhusu familia, akasikiliza habari za mwiko bila kucheka, akachukua damu ya mtoto na ya baba yake. Akatuambia ni siliaki. Mwili unakosana na kitu kilichomo ndani ya ngano na shayiri, na utumbo ndio unaoumia. Huenda kwenye damu ya ukoo. Dawa ni kuacha, kwa maisha yote. Sasa mke wa Deo anasaga unga wa mtoto nyumbani, kwa kuwa mashine za mtaani husaga ngano na mahindi pamoja, na kikaango chake hakipikiwi chapati.

Nilikwenda kwa baba. Alikuwa mzee, amekaa uani, mke wake wa pili ndani anasikiliza. Nilimweleza yote, polepole, kama alivyonieleza daktari. Nilimwambia mama hakutoka nje. Nilimwambia ni mkate.

Alitazama mikono yake.

"Lakini alikiri mwenyewe," alisema. "Mbele ya mama yake."

"Alikiri ili Deo aoshwe, baba."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Nilikuwa na jibu. Ungeniuliza mimi. Lakini alikuwa ameanza kulia, na sikutaka machozi yake yawe ndiyo mwisho wa mazungumzo, basi nikaaga.

Kutoka kwake nilipanda Mgeta. Mama alikuwa shambani, anapalilia. Nilimsaidia huku nikimsimulia: daktari, damu, baba. Nilitegemea atafurahi, au atamlaani baba. Alipalilia hadi mwisho wa tuta.

"Baba yako nilikwisha kumjua siku alipouliza ni nani," alisema. "Huyo hanisumbui."

Akakaa kwenye ukingo wa tuta, akafuta jembe kwa kiganja.

"Siku ile nilipolitaja lile jina, nilikuwa namtazama mama usoni. Nilijua atajua naongopa. Amenizaa, amenilea, ataona tu. Nilingoja aseme, basi mwanangu, inatosha, nitamwosha hivyo hivyo." Akalilaza jembe chini. "Akasema, ahsante kwa kusema ukweli."

Bibi alikufa zamani, akiwa na amani, akijua amemponya mjukuu wake. Siichukii imani yake. Ndiyo aliyokuwa nayo, na wengi waliishi humo bila kuumia. Lakini nina wajukuu mimi sasa, na mmoja wao anapougua, kabla sijagusa paji lake, humsikiliza kwanza mama yake.