Mteja wa Kifua Arobaini na Mbili

Kabla homa haijampanda kwenye ubongo, fundi huyu hakuhangaika na majina ya watu. Wateja aliwajua kwa vipimo vyao. "Kiuno hamsini huyo anapita," alikuwa akimnong'oneza mkewe dirishani, "na leo kajibana mkanda, sijui anamdanganya nani." Mkewe, aliyeshona alichokata yeye, alicheka mpaka mshono ukaenda kombo. Miaka kumi na tisa walifanya kazi hivyo, meza ya kukatia huku, cherehani kule, na umbea wa vipimo katikati.

Alilazwa wiki sita. Aliporudi alikuwa amekonda, na maneno yake machache kama ya mgeni. Alimwita mkewe "dada", kwa adabu zote. Daktari hakuwa amewaficha kitu: "Ubongo si mfupa, mama. Siwezi kukuambia utapona lini, wala kama utapona wote."

Mwanzoni watu walijaa nyumbani. Baadaye wakawa wanapiga simu. Baadaye kimya. Wa mwisho kuja alikuwa wifi wa mke, akakaa nusu saa, mkoba magotini. "Shukuru, wifi, yu hai." Kushukuru alikuwa anashukuru, lakini maneno hayo ni mepesi kwa mtu anayerudi kula na mume anayemjua. Mwenzetu huyu alikuwa mpweke, tena upweke mbaya, ule wa kupakua sahani mbili.

Mikono tu ndiyo iliyokumbuka kitu. Siku moja mgonjwa aliokota mkasi, akaulizia kitambaa. Mkewe hakuthubutu kumpa cha mteja. Akampa shuka kuukuu, akamwambia ni shati la watu.

"Vipimo?" mume akauliza.

Hakuwa amejiandaa, akataja vilivyomjia mdomoni: kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na sita, mkono ishirini na tano. Vilikuwa vya mumewe mwenyewe, kabla hajaugua. Hivyo ndivyo alivyovijua bila kufungua daftari.

Shati la kwanza lilitoka na mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. La nne halikuwa na upande wa kushoto kabisa. Mkewe alishona kila moja lilivyokatwa, akalitundika msumarini, akasema mteja atalipitia. Kila siku mteja mpya, na kila mteja vipimo vilevile. Shuka zilipokwisha, akashusha mapazia, jirani wakapata cha kuchungulia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga. Hawakusema inakuwaje mhunzi akijisahau mwenyewe.

Shati la kumi na saba lilikaa sawa pande zote. Mume akaweka chaki chini, akalitazama kwa muda mrefu.

"Dada, hawa wateja wako ni mtu mmoja."

Mkewe akasimamisha cherehani. "Mtu gani?"

"Arobaini na mbili, thelathini na sita, ishirini na tano. Huyu namjua." Akapapasa kitambaa begani. "Bega la kulia limeshuka kidogo. Mcheshi, anaongea sana. Siku hizi haonekani. Yuko wapi?"

Mkewe alitaka kusema, ni wewe. Akaogopa uso atakaouona baada ya hapo.

"Sijui," akasema. "Hata mimi namsubiri."

Mume akafikiri, uso wote wa kazi. "Akija, usitumie vipimo hivi. Mtu akipotea muda mrefu namna hiyo, anapimwa upya."

Mkewe akainuka. Kisha akavua futi ya kupimia shingoni mwake.

"Basi simama," akasema.

Akamzungushia kifuani. Thelathini na saba. Akafungua ukurasa mpya, akaandika. Akashuka kiunoni, thelathini na moja, akaandika, halafu macho yakamjaa machozi, daftari asilione tena.

Mume akasubiri kwa heshima, kisha akanyoosha mkono wake mbele yake.

"Bado mkono," akamkumbusha. "Hujapima mkono."